Kura isiyohesabiwa: Ebola na suala la kuaminiana Beni na Butembo

Jumapili ya tarehe 30 Desemba 2018, watu wa Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walipanga foleni kupiga kura ambayo hakuna mamlaka iliyowaitia. Siku nne kabla yake tume ya uchaguzi ya nchi hiyo, CENI, ilikuwa imetangaza kwamba Beni, Butembo na maeneo yanayoizunguka miji hiyo hayatashiriki uchaguzi mkuu siku moja na wenzao. Yangoje mpaka Machi 2019. Sababu zilizotajwa ni usalama na Ebola. Pamoja na wenzao wa Yumbi, upande wa magharibi, wapiga kura wapatao milioni 1.2 wakawekwa kando. Basi wakazi wa Beni wakajitengenezea vituo vyao, wakaweka maji, wakanawa mikono mmoja mmoja, kisha wakapiga kura. Kura zile hazikuingia kwenye hesabu yoyote. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari, na ilipofika Machi watu wa huko walibakiziwa kuchagua wabunge.

Siku tatu kabla ya foleni hiyo, katika mji huohuo, waandamanaji walikivamia kituo cha kupokelea watu wanaodhaniwa kuwa na Ebola. Baadhi ya waliokuwa wakisubiri majibu ya vipimo wakatimka.

Anayesema watu wa Beni walikuwa wajinga, hawaamini kuwa Ebola ipo, atakwama kwenye ile foleni, kwa maana asiyeamini ugonjwa hanawi mikono kabla ya kupiga kura ya maandamano. Na anayesema walikuwa wameelimika vya kutosha atakwama kwenye kile kituo kilichovamiwa. Maelezo yanayobeba matukio yote mawili ni haya: watu hao waliujua ugonjwa, ila hawakuwaamini waliokuja kupambana nao. Tena nitakwenda mbele kidogo. Imani haikuwa imekosekana Beni na Butembo. Ilikuwapo tele, imewekwa mahali ambapo wataalamu hawakupatazama, na pale walipopatazama walipaona kama njia ya maambukizi tu.

Kabla virusi havijafika

Mlipuko huu, wa 10 kwa Kongo, ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kuanzia Mangina, mji mdogo usio mbali na Beni. Ilikuwa wiki moja tu tangu mlipuko wa jimbo la Équateur utangazwe kwisha. Ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, ukaacha wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katika historia ya Ebola ni ule wa Afrika Magharibi wa 2014 peke yake uliouzidi.

Mtu akitaka kuelewa kilichofuata asianzie Agosti 2018. Aanzie Oktoba 2014, mwezi ambao mauaji ya raia yalianza kuizunguka Beni. Watu walichinjwa mashambani, vijijini, kisha pembezoni mwa mji wenyewe, na lawama kubwa ikaangukia kundi la waasi la ADF lenye asili ya Uganda. Jeshi la taifa lilikuwapo, na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa wa MONUSCO nao walikuwapo na magari yao meupe. Mauaji yakaendelea. Tarehe 22 Septemba 2018, mlipuko ukiwa haujafikisha miezi miwili, Beni ilishambuliwa tena na watu zaidi ya kumi wakauawa. Mashirika ya kiraia yakaitisha siku za kufunga kila kitu, kile Wakongo wanachokiita mji mfu: maduka yamefungwa, pikipiki zimesimama, kimya. Kazi ya kufuatilia Ebola ikasimama pia.

Kwa timu za afya hizo zilikuwa siku zilizopotea, na kila siku iliyopotea ilionekana baadaye kwenye chati ya wagonjwa wapya. Kwa mkazi wa Beni zilikuwa siku za matanga. Watu wawili wameitazama wiki moja na kila mmoja ameona jambo lake, na hakuna kati yao aliyekosea.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali lililowafuata wahudumu wa afya kila mtaa: kwa nini Ebola? Miaka minne tunakufa kwa mapanga, hakuna ndege iliyotua kwa ajili yetu. Watoto wanakufa kwa malaria kila mvua ikinyesha. Mwaka 2019 surua iliua Wakongo zaidi ya 6,000 nchi nzima, karibu mara tatu ya waliouawa na Ebola katika mlipuko wote huu. Lakini kwa Ebola, ndani ya siku chache, fedha zimepatikana na hoteli zimejaa. Maofisa wengi waliliandika swali hilo kwenye orodha ya uvumi. Mimi nalisoma kama hesabu. Mtu amepanga vifo vyake kwa idadi, akaona orodha yake na orodha ya mgeni haifanani, akauliza nani anafaidika.

Utafiti uliofanyika Septemba 2018 kwa kuwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, ukachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la kitabibu la The Lancet Infectious Diseases, unasaidia kupima hali ilivyokuwa mapema. Asilimia 31.9 tu ndio waliosema wanaamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea maslahi yao. Asilimia 25.5 walisema Ebola hakuna. Magazeti yaliibeba ile ya pili: robo ya watu wanakana ugonjwa! Ukiigeuza, robo tatu hawakuukana. Namba iliyostahili kutisha ni ya kwanza, kwa kuwa utafiti huohuo ulionyesha kwamba asiyeziamini taasisi alikuwa mzito zaidi kukubali chanjo na kwenda hospitali. Na tukumbuke hiyo ilikuwa Septemba. Kura ilikuwa bado haijaahirishwa.

Kliniki iliyoambukiza kweli

Kuna uvumi mmoja ambao ningependa kuusimamia, kwa sababu haukuwa uvumi. Watu walikuwa wakisema kwamba Ebola unaipatia kwenye kituo cha afya: unaingia na homa, unatoka na Ebola.

Ilikuwa kweli. Mwishoni mwa 2018, hasa Beni, sehemu kubwa ya maambukizi ilitokea ndani ya vituo vya afya vyenyewe. Ulikuwa msimu wa malaria, watoto wakiletwa na homa kwa wingi, na homa ya malaria na ya Ebola mwanzoni hazitofautiani. Mtoto analazwa kitanda ambacho jana alilala mgonjwa mwingine, anachomwa sindano kwa mikono ambayo haina glovu mpya. Vituo vingi vilikuwa vidogo, vya binafsi, baadhi vikiwa vile vinavyoitwa huko vya "tradi-moderne", ambako mganga anachanganya mitishamba na dripu. Novemba mwaka huo ilibidi dawa za malaria zigawiwe Beni kwa kampeni iliyolenga watu hadi 450,000, kwa madhumuni ya kupunguza homa zinazofanana na Ebola na kupunguza msongamano vituoni.

Sasa mfikirie mama aliyemzuia mwanawe asipelekwe kliniki Novemba ile. Kwenye ripoti ataandikwa kama mtu aliyekataa huduma, ingawa kwa takwimu za mwezi ule uamuzi wake ulikuwa na mantiki kuliko ujumbe uliokuwa ukipigwa kwa vipaza sauti. Timu ya mawasiliano inapokanusha jambo ambalo watu wameliona kwa macho yao, imejimaliza yenyewe, na hata siku itakapokanusha uongo wa kweli hakuna atakayeisikiliza.

Magari, lugha na posho

Wakazi waliita shughuli nzima ya kupambana na Ebola kwa neno la Kifaransa, "riposte", likatamkwa riposti. Maana yake ni kujibu shambulio, neno la kivita, na kwa macho ya mtaani ilifanana na vita: misafara ya Land Cruiser, askari wenye silaha mbele na nyuma, watu waliofunikwa toka unyayo hadi utosi.

Wengi wa wakuu wake walitoka Kinshasa au ng'ambo. Kazini walizungumza Kifaransa, na wale wa Kinshasa wao kwa wao Kilingala, lugha ambayo huko Kivu, eneo hilo la mashariki, inahusishwa sana na jeshi. Wenyeji wa Butembo wengi ni Wanande. Nyumbani kwao ni Kinande, sokoni ni Kiswahili. Lakini Kiswahili kipi? Shirika la Translators without Borders lilipofuatilia suala hilo lilibaini kwamba maandishi mengi yalikuwa ya Kifaransa au ya Kiswahili sanifu kisichosemwa pale. Sisi wa pwani na wa bara tunaweza kudhani tofauti ni ndogo. Mahali ambapo mtu husema "eko" na "beko", ukimletea bango lenye Kiswahili cha shuleni Dar es Salaam anaelewa nusu, na ile nusu inayobaki ndiyo yenye maelezo. Aliyeandikwa kwa Kifaransa "cas suspect", yaani anayedhaniwa kuwa na ugonjwa, naye tunamtafsiri haraka kuwa mshukiwa. Mshukiwa ni neno la polisi. Anayeambiwa nyumbani kwake kuna mshukiwa, na anayekuja kumchukua ameongozana na askari, anahitaji kuwa na moyo wa aina gani ili asikimbie?

Halafu fedha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku walipona wenyeji wachache wenye jirani mzuri. Magari yalikodishwa kwa bei za juu, mengine yakiwa ya wakubwa au ya watu wao; ajira za siku zikagawiwa kwa kujuana; vyombo vya usalama vikalipwa kusindikiza. Mambo haya yalikuja kuandikwa kwa urefu na waandishi wa uchunguzi, lakini mtaani yalijulikana kabla, na jina lake lilikuwa "Ebola business". Aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, aliyejiuzulu Julai 2019, alihukumiwa kifungo Machi 2020 kwa kosa la kufuja fedha za Ebola. Na Septemba 2021, ripoti ya tume huru iliyoteuliwa na Shirika la Afya Duniani ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake, wengi wao wakiwa wameahidiwa kazi. 21 kati ya watuhumiwa hao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Wale waliosema wageni wana ajenda yao walikuwa wameitwa wapotoshaji.

Maiti na wenyewe

Kinachofunga watu wa eneo hili, kama kwetu, ni msiba. Ndugu wanatoka mbali, maiti inaoshwa, inavikwa, inaguswa, watu wanalala matanga. Maiti ya Ebola nayo ni hatari kuliko mgonjwa aliye hai, kwa kuwa virusi vimejaa mwilini. Kwa hiyo timu za mazishi, nyingi za Msalaba Mwekundu, zilikuja na mfuko, dawa ya klorini na haraka.

Mfuko mweupe uliofungwa zipu hauonyeshi aliyemo. Uvumi ukazaliwa pale: viungo vimetolewa, ndani kuna udongo, ndani kuna mawe. Familia nyingine zilitaka kufungua, nyingine zilificha vifo, nyingine zikazika usiku.

Dawa ya jambo hili ilikuwa rahisi hadi inaudhi. Mifuko yenye sehemu ya kuonea ilianza kutumika, uso ukaonekana. Familia ikaachiwa kuchagua jeneza, kuomba, kuteua watakaobeba. Vijiji vingine vikafundishiwa vijana wao wenyewe, wakapewa vifaa, wakawa wanazika watu wao. Hayo hayakuhitaji maabara. Yalimhitaji mtu mwenye mamlaka akubali kwamba kumwona marehemu usoni ni hitaji halali, akaliweka kwenye bajeti kama alivyoweka klorini.

Namna hiyohiyo kwa wagonjwa. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki inayopenya mwanga, vinavyoitwa CUBE, ambavyo ndugu anaweza kusimama nje hatua mbili akaongea na mgonjwa wake wakitazamana. Kabla ya hapo kituo cha matibabu kilikuwa ukuta wa turubai: mtu anaingia akitembea, baada ya siku nne unaitwa uje kuzika.

Butembo inawaka

Mapema mwaka 2019 kitovu cha mlipuko kilihamia Butembo na Katwa, na mambo yakaharibika kabisa. Tarehe 24 Februari kituo cha matibabu cha Katwa, kilichokuwa kikiendeshwa na Madaktari Wasio na Mipaka, kilichomwa moto. Siku tatu baadaye kikashambuliwa cha Butembo. Shirika likasitisha kazi. Cha Butembo kilifunguliwa tena na kushambuliwa tena tarehe 9 Machi, askari polisi mmoja akafa. Tarehe 19 Aprili, katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben mjini humo, Dkt. Richard Valery Mouzoko Kiboung, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akafa.

Si kila risasi ni sauti ya jamii. Kulikuwa na makundi ya Mai-Mai, wanamgambo wa kienyeji, yenye hesabu zake, na palipo na fedha nyingi hivyo pana waliokosa na pana waliotaka vurugu iendelee. Anayezungumzia "upinzani wa jamii" kana kwamba mji mzima uliokota jiwe anamsingizia muuza vitumbua aliyefunga kibanda chake akajificha na watoto.

Lakini mashambulizi yale yalipata nafasi ndani ya ukimya wa watu wengi, na ukimya huo ndio wa kuchambua. Mapema Machi, rais wa Madaktari Wasio na Mipaka wakati huo, Joanne Liu, alisema hadharani kwamba mapambano yanashindwa. Namba alizotumia zilikuwa kali kuliko maneno yake. Vifo zaidi ya asilimia 40 vilikuwa vikitokea majumbani, nje ya vituo, na asilimia 43 ya wagonjwa wa wiki za karibuni hawakuwa na uhusiano unaojulikana na mgonjwa yeyote wa nyuma. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya mnyororo wa maambukizi ulikuwa ukipita mahali ambapo riposti haioni. Watu walijua nani anaumwa nyumba ya tatu. Hawakusema.

Jibu la kwanza la wakubwa lilikuwa kuongeza askari. Kila askari aliyeongezwa alithibitisha walichokuwa wakiambiana watu, nao walipozidi kujificha ikaonekana haja ya askari zaidi. Aprili, wagonjwa wapya walizidi 100 kwa wiki.

Mji wa watu wanaoaminiana

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo uchambuzi mwingi uliponikera.

Butembo ilielezwa duniani kama mji usioamini. Mtu yeyote aliyefanya biashara na Wanande anaweza kucheka. Mji huu umejengwa na wafanyabiashara wake bila msaada wa kutajika wa serikali; barabara zimechongwa kwa michango ya watu, chuo kikuu kimesimama kwa nguvu ya kanisa na wenyeji. Bidhaa zinatoka Dubai na Guangzhou, zinapita Mombasa na Kampala, zinagawanywa kwa mali kauli kati ya watu wanaojuana kwa familia na kwa kanisa. Mtu anakabidhiwa mzigo wa thamani kubwa kwa neno la mdomo. Mahali hapo kuaminiana kuna thamani ya fedha, na kuna adhabu kwa anayevunja imani hiyo: jina lake linakufa.

Mfumo mkali namna hiyo humpima mgeni kwa maswali yake. Unatoka kwa nani? Nani anakufahamu? Ukiondoka tutakukuta wapi? Afisa wa miezi mitatu, anayelala hotelini, anayebadilishwa kabla hajajua jina la mtaa, hana jibu hata moja kati ya hayo. Kumnyima imani hakukuwa kasoro ya jamii. Ndivyo jamii hiyo inavyofanya kazi siku zote, na ndivyo inavyojilinda na matapeli.

Wenye majibu walikuwapo. Mganga wa tradi-moderne, ambaye riposti ilimwona kama adui, alikuwa ndiye daktari wa kwanza wa mtaa. Akikuambia homa hii si yangu, nenda, unakwenda. Wamotari, vijana wa pikipiki, walijua nani kabebwa mahututi usiku na kupelekwa wapi. Akina mama wa jumuiya za kanisa walijua mlango upi haujafunguliwa tangu jana. Taratibu, kwa kusuasua na kwa kuchelewa, watu hawa walianza kuingizwa kwenye kazi kama wenye kauli. Zamani waliitwa semina wakanywe soda.

Wenye uzito kuliko wote walikuwa waliopona, wale walioitwa washindi wa Ebola. Mwili wao ulikuwa na kinga, hivyo waliweza kumshika mtoto mgonjwa bila lile vazi la kutisha. Beni na Butembo walifanya kazi ya ulezi katika vituo maalumu vya kulelea watoto ambao mama zao wamelazwa, na ndani ya wodi walikaa na wagonjwa. Mshindi anaporudi mtaani, jirani zake wanamtazama kwanza kwa woga, kisha kwa udadisi. Anasema: niliingia, nikatoka. Hakuna bango linaloweza kusema hivyo.

Je, ilikuwa imani au dawa?

Msomaji mkaidi atauliza, na ana haki: huo ugonjwa haukuzimwa na chanjo? Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Na kuna jambo linalonitatiza mwenyewe, kwamba katikati ya mawe na moto, Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiripoti kwamba zaidi ya asilimia 90 ya waliopewa nafasi ya kuchanjwa walikubali. Hilo linagoma kukaa vizuri na picha ya jamii iliyokataa kila kitu.

Jawabu langu ni kwamba aliyefikiwa alikubali. Shida ilikuwa kufikia. Chanjo ilitolewa kwa mduara, yaani unamchanja aliyekaribiana na mgonjwa, na aliyekaribiana na huyo. Mduara unachorwa kwa majina, na majina yanatoka mdomoni mwa mtu. Asipokutajia, hakuna mduara. Tena utaratibu wenyewe ulizua kinyongo chake: nyumba hii imechanjwa, ya jirani imerukwa, na aliyerukwa anadhani kuna waliochaguliwa waishi. Kwa hiyo wengine walilalamikia riposti kwa sababu ya kunyimwa chanjo, na waliwekwa kapu moja na wanaoikataa.

Kuhusu matibabu, Agosti 2019 ilitangazwa kwamba kati ya dawa nne zilizokuwa zikijaribiwa huko Kivu, mbili zilikuwa zinaokoa zaidi, na mojawapo, mAb114, asili yake ni damu ya Mkongo aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekwenda Yambuku mwaka 1976 Ebola ilipoonekana kwa mara ya kwanza, alikuwa nyuma ya kazi hiyo, na ndiye aliyekabidhiwa usukani wa mapambano Julai 2019. Kwa dawa hizo mbili kiasi cha theluthi moja tu ya wagonjwa walikufa, na kwa waliowahi mapema ilikuwa karibu mmoja kati ya kumi. Sasa kulikuwa na jambo la kumwambia mtu. Kabla yake ujumbe ulikuwa, kwa ukweli wote, njoo ufie kwetu ili usiambukize wenzako. Ni ujumbe wa kumfaa jirani, mgonjwa mwenyewe haumpi kitu. Dawa ilipofanya kazi, kuaminiwa kukawa na msingi, na waliopona wakaongezeka, nao wakawa mashahidi.

Ndiyo maana nasita kutenganisha vitu viwili hivi kama vinavyotenganishwa katika ripoti, sura ya "tiba" na sura ya "jamii".

Baada ya hapo

Tarehe 3 Machi 2020 mgonjwa wa mwisho aliruhusiwa kutoka kituoni Beni huku wahudumu wakicheza na kuimba. Siku 42 zinazotakiwa kupita bila mgonjwa mpya kabla mlipuko haujatangazwa kwisha zikaanza kuhesabiwa. Juma lililofuata, Korona iliingia Kinshasa. Tarehe 10 Aprili, zikiwa zimebaki siku mbili kutangaza mwisho, Beni ikapata mgonjwa mpya wa Ebola, na hesabu ikaanza upya hadi Juni.

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena, Butembo. Safari hii misafara ilikuwa michache, wahudumu wengi walikuwa wa hapohapo, wale waliofundishwa na mlipuko mrefu. Ilikwisha tarehe 3 Mei: wagonjwa 12, vifo 6. Sitadai kwamba ni imani peke yake. Makumi ya maelfu ya watu wa eneo hilo walikuwa wamekwisha kuchanjwa, na maabara ilikuwa jirani.

Oktoba mwaka huohuo ikatokea Beni. Aliyegunduliwa kwanza alikuwa mtoto wa miaka mitatu, akiwa amekwisha kufa. Wiki chache kabla yake, katika nyumba ya jirani, baba na watoto wake wawili walikuwa wamekufa bila kupimwa. Mlipuko huo ulikuwa na wagonjwa 11, na 9 kati yao walikufa.